Ngome Haisikii Hodi

Ipo siku moja ya mvua ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Na kwa kuwa umekuja kuazima mkoba wangu wa mgongoni, uende ukaitembee njia ileile ya mahujaji kule Uhispania, keti kwanza. Mkoba utaupata. Najua Kiswahili unakisikia vizuri, kukijibu ndiyo kazi. Basi mimi nitasema changu, wewe nijibu kwa Kiingereza chako cha Joburg, tutaelewana.

Mwaka ulikuwa 2016. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na bado nikijiita kijana, maana mtu hujiita kijana mpaka magoti yakatae. Nilifanya kazi benki, kule Sandton, kitengo cha kukadiria hatari. Kazi yenyewe ni kuogopa kwa niaba ya wengine, na mwisho wa mwezi unalipwa. Nyumbani kwangu Kensington, juu kidogo ya Bertrams, nilikuwa na ukuta mrefu, juu ya ukuta nyaya za umeme, na nyuma ya geti mlango mwingine wa vyuma. Niliishi peke yangu. Ndugu zangu wa Voi wakipiga simu kuniuliza nitaolewa lini, niliwaambia nimeshaolewa na ukuta. Walicheka, nami nikacheka nao, kisha simu ikikatika nyumba inanyamaza.

Acha nikupe aibu yangu mapema, usije ukadhani nina hadithi ya fahari. Kanisani kwetu alikuwapo mzee mmoja fundi cherehani, Papa Ilunga, mtu wa Kalemie, Kongo. Duka lake lilikuwa Bertrams, na gauni zangu zote za maana alizishona yeye. Aliniita binti. Mkewe, Mama Feza, alikuwa mtu wa maneno machache na chakula kingi. Jumapili nyingi nilikula kwao. Sasa mwaka 2015, wiki ile wageni walipokuwa wakifukuzwa na maduka yao kuvunjwa, wazee hawa wawili walipanda kilima kwa miguu, mchana wa Jumamosi, wakaja getini kwangu. Nikasikia kengele. Nikanyanyua simu ya geti, ile iliyofungwa ukutani jikoni, nikaiweka sikioni bila kusema neno.

"Hodi," akasema Papa.

Nilijua wamefuata nini. Wametaka chumba, nami nilikuwa na viwili vimekaa bure. Lakini nikawaza, ikijulikana nimewaficha watu, na mimi si ni mgeni vilevile? Akaita hodi ya pili. Akaita ya tatu. Wewe umezaliwa huku hujui, lakini sisi tumelelewa hivyo, wa Voi na wa Kalemie: hodi ni tatu, ya tatu ikikosa jibu unageuka, usiwaaibishe wenye nyumba. Nikajiambia moyoni, akiita ya nne namfungulia. Nilimaanisha, mwanangu. Hakuita. Nikasikia viatu vyao vikiteremka.

Walilala wiki mbili sakafuni, ukumbi wa kanisa. Dukani hakikubaki hata kifungo. Mama Feza akashikwa na kifua ambacho hakikumwacha tena sawasawa. Na Jumapili zilizofuata Papa alinisalimu vilevile, "binti, habari ya wiki," na Mama Feza alinisalimu akitazama viatu vyangu. Nikajifariji kwamba hawajui, labda wanadhani sikuwapo. Shuleni tuliimbishwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi ndiye niliyekuwa nikiimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi ndiyo maana nilikwenda. Wengine huifuata njia ile kumtafuta Mungu. Mimi niliwaambia watu nakwenda kuona ngome. Mwenzangu mmoja ofisini alikuwa amenionyesha picha zake, ngome za kale zimepangana kando ya njia, zilijengwa kuwalinda mahujaji miaka mamia iliyopita. Nikazipenda. Nilizipenda kwa sababu nilikuwa mwoga, na mwoga akiona ukuta mnene moyo wake hutulia. Viza niliihangaikia miezi miwili, na nilipoipata ilikuwa tayari Novemba, wakati wenye akili wamesharudi kwao.

Njia utaiona mwenyewe. Unafuata mishale ya rangi ya manjano, na kila unapolala unagongewa muhuri kwenye kijitabu. Mimi mihuri yangu niliiwinda kwenye ngome. Nyingine ni safi, unakata tikiti, unapanda ngazi na watalii. Nyingine imebaki ukuta mmoja na mbuzi. Nilichokuwa nikikitazama kila mahali ni vile vidirisha vyembamba vya kurushia mishale: kwa ndani ni vipana, mtu anaenea na bega lake, kwa nje ni ufa tu. Aliye ndani anakuona, wewe humwoni. Nilisimama kwenye vidirisha hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Na upweke, usiulize. Siku kumi na nane sikusikia neno la Kiswahili isipokuwa langu. Kuna asubuhi nilikutana na mzee anachunga kondoo, ulimi ukaniponyoka nikamwambia shikamoo. Akavua kofia, akanijibu kitu kwa lugha yake, akaenda. Nilikibeba kile kitu alichosema mpaka jioni, na sikukielewa. Kulia nililia, sikufichi.

Siku ya mvua ndiyo hiyo ya kumi na tisa. Nyumba ya mahujaji ilikuwa ndani ya lango la ngome yenyewe, juu ya kilima, na kijiji kingine kilikuwa mwendo wa saa mbili. Nilifika alasiri nimelowa mpaka mifupa. Mlangoni palikuwa na pete ya chuma. Nikaigonga, na kwa mazoea nikaita, "Hodi." Kimya. Nikagonga ya pili, ya tatu. Kimya. Basi miguu yangu ikageuka yenyewe, maana adabu ikishaingia miguuni haingoji akili. Nikaenda kukaa chini ya ukuta, upande usio na upepo, nikajikunyata pale nikitetemeka. Nikafikiri, nikifa hapa, nani Joburg atajua kabla ya Jumatatu? Na Jumatatu atakayejua ni benki.

Labda nusu saa ilipita. Nikaona mwavuli unakuja unayumba, na chini yake bibi wa miaka sabini na kitu, anachechemea, amekasirika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kihispania changu ndiyo hivyo hivyo.

"Kwa nini umeondoka?" akaniuliza.

"Nimebisha mara tatu."

"Na mimi nimekujibu mara tatu. Nina magoti mabovu, na ngazi ni arobaini." Akanishika mkono akaubandika kwenye ukuta, kisha akatanua mikono yake yote miwili kunionyesha unene. "Huu haupitishi sauti. Hapa mtu anagonga mpaka afunguliwe."

Akaniingiza ndani, akanipa supu, akaanika soksi zangu kwenye jiko huku akiendelea kunigombeza. Mimi, ili kubadilisha maneno, nikamuuliza kama adui aliwahi kuiteka ngome ile. Akasema hapana, kamwe. Nikauliza, basi ilikuwaje ikawa gofu? Akainua mabega. "Watu waliacha kuja," akasema.

Niliwekwa kwenye chumba cha vitanda kumi na viwili, na mimi peke yangu. Nikalala nikisikiliza mvua, nikifanya hesabu isiyo ya benki. Bibi yule alikuwa na magoti mabovu na ngazi arobaini, na bado alikuwa akiniitikia njia nzima akishuka. Mimi sikuwa na ngazi. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu alikuja akanikalia kifuani usiku ule.

Niliporudi, kabla ya Krismasi, nikaendesha gari mpaka Turffontein, walikokuwa wamehamia, chumba na sebule karibu na uwanja wa mbio za farasi. Papa alinikaribisha, akanipa kiti kizuri, yeye akakalia kile cha cherehani. Nikamwambia yote. Nikamwambia siku ile nilikuwapo.

"Nilijua, binti," akasema. "Uliinyanyua ile simu. Miye nilisikia redio yako, nilisikia na pumzi yako."

Nilitamani sakafu ipasuke. "Sasa Papa, mbona hukuita mara ya nne? Ningefungua."

"Labda ungefungua. Labda ungesema hapana. Sikupenda ubebe neno ile." Akanyoosha kitambaa kilichokuwa magotini, akakikunja. "Miye nilisamehe zamani. Lakini Feza eko na moyo yake. Umuulize mwenyewe."

Mama Feza alikuwa chumbani, na mlango umerudishwa. Alikuwa amenisikia nikiingia, maana nyumba yenyewe ni ndogo. Nikasimama pale mlangoni. Nikaita hodi. Nikaita ya pili. Nikaita ya tatu, na miguu ikataka kugeuka vilevile, nikaikatalia. Nikaita ya nne. Ya tano ilitoka na machozi. Ndipo nikamsikia akikohoa, kisha sauti yake, karibu sana, kumbe alikuwa amesimama upande wa pili wa ubao.

"Nakusikia, dada," akasema. "Leo sifungui."

Nikarudi Kensington. Njiani robot moja, taa ya barabarani, ilibadilika ikawa kijani, wenye magari wakanipigia honi, nikawa nimekaa tu. Iliniuma, nisikudanganye, lakini nilikuwa nimejibiwa, nikajua nimesikiwa, na hilo mimi sikuwapa wao siku ile. Nikarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Mwaka 2018 wakarejea kwao Kalemie, na mlango ule ulikuwa haujafunguliwa. Ila hakuna hata Jumamosi moja ambayo Mama Feza aliacha kuniitikia.

Kwa hiyo nasaha yangu si ndefu, na sitakuambia ubomoe ukuta, maana mji huu naujua, na wangu mwenyewe bado umesimama. Nakuambia uitike. Mtu akibisha, sema karibu. Huwezi, sema subiri. Huwezi hata hilo, sema naogopa, sifungui. Kimya ndicho kilichowateremsha wazee wangu kile kilima, wala si geti. Neno la hapana mtu hulibeba akaenda nalo kubisha kwingine, lakini kimya anabaki akijiuliza kama yeye ni mtu. Na ukiwa wewe ndiye uliye nje, mvuani, umechoka, usiache kwenye ya tatu eti kwa adabu. Huenda mtu yuko kwenye ngazi.

Haya, mkoba uko juu ya kabati, kamba ya kushoto imelegea, uifunge fundo. Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe viatu visivyokuchubua na jua lisilo kali. Akukutanishe na wema usiojua majina yao. Usikose mtu wa kumwamkia asubuhi, na kila utakapoita, hata katika nchi isiyojua lugha yako, asikose mtu wa kukuitikia. Na ukirudi, bisha hapa kwangu. Nitakuitikia hodi ya kwanza.