Sefu Aliyenusa Banda Kabla ya Kusalimia

Eeh, ni kweli. Mnanipigia simu tangu juzi, wengine mnadhani ni utani wangu. Sefu, mfugaji wetu wa hapa Kerege, tumemzika Jumanne. Mwenyewe siamini bado.

Mimi na Sefu tulijuana kwa ugomvi wa mkojo.

Nauza mashudu ya alizeti, mnanijua. Nilipopata ng'ombe wangu, Pili, nikasema huyu atakula protini mpaka amwage maziwa kama bomba. Ndoo asubuhi, ndoo jioni, na vumbi la dagaa juu yake. Maziwa yaleyale! Banda likanuka mpaka macho yanawasha. Mke wangu akadhani nalia.

Sefu akapita. Hakusalimia. Ndivyo alivyokuwa, ananusa kwanza. "Mudi, unafuga ng'ombe au unafuga mkojo?"

Nikanuna. Akacheka. "Harufu hiyo ni mashudu yako. Protini ikizidi, ng'ombe anaikojoa. Umempa kitoweo sufuria zima, ugali uko wapi?"

Tukapunguza mashudu nusu, tukaongeza majani mabichi na pumba za mahindi. Wiki haijaisha, harufu imekata, na maziwa hayakupungua hata kikombe. Mimi mdomo wazi!

Tatizo, akaenda kuwaambia na wateja wangu wapunguze mashudu.

"Kaka, unaniua njaa!"

"Mudi, mwenye ng'ombe mzima ndiye anarudi dukani."

Wakarudi kweli, na mashangazi zao.

Jana asubuhi nimeingia bandani kwake. Ng'ombe wake watatu wapo. Mkewe, shemeji Zuhura, yuko eda, hatoki mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Jirani kwa huruma kawamwagia mashudu matupu. Ile harufu ikanivaa. Machozi yakanitoka, na safari hii sikujua ni ya mkojo au ya Sefu.

Nje wamekaa ndugu zake. "Wauzwe tu. Nani atawakatia majani?"

Shemeji akaita toka dirishani: "Mudi, wakiuzwa hao, mimi nikitoka eda nakuta nini?"

Nikasema hawauzwi. Kwa mdomo huuhuu! Halafu nikakumbuka mimi ni mtu mmoja na panga moja.

Sefu, kaka yangu, Mola akujazie kaburi lako manukato. Pua yako imefanya kazi ya kutosha. Lala, ndugu yangu, ng'ombe wamekula.

Sasa nyie wafugaji, kuanzia hapa mpaka Bagamoyo mjini, tuelewane. Nipe asubuhi yako moja tu ukate majani ya ng'ombe wa Sefu mpaka shemeji atoke eda. Mimi nakuja bandani kwako, nakunusia bure. Mashudu yakizidi nakwambia ukweli, hata kama umeyanunua kwangu.