Msalaba wa Nondo na Dira ya Sokoni

Mama yangu alikuwa na neno moja tu kuhusu miaka niliyokaa jeshini: hasara. Nilitoka huko na goti bovu, viatu vizito na tabia ya kuamka alfajiri bila sababu yoyote. Kwa hiyo siku aliponiita kwake, mtaa wa Lumumba mjini Bunia, akanikalisha kwenye kiti kizuri na kunimiminia chai ya maziwa, nilijua kuna kazi.

"Kule kwa jeshi," akasema, "si walikufundisha kutafuta njia?"

"Walinifundisha, mama."

"Basi utanitafutia baba yako."

Baba alikuwa amekufa. Juu ya hilo hatukuwa na ubishi. Tulichokuwa hatukijui ni mahali alipo. Alikufa kwa homa wakati kijiji chetu, kule Djugu, kikifunga mizigo kukimbia vita. Majirani walimzika haraka haraka nyuma ya nyumba, wakafunga vijiti viwili vya mikaratusi kwa kamba ya mgomba vikawa msalaba, na kesho yake kijiji kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa kambini, upande mwingine wa nchi, nikisafisha bunduki ambayo haikuwa chafu. Habari nilipewa kwa simu. Sikuwahi kusimama kwenye kaburi lile, na ingawa mimi ni mtu wa kuchekacheka, jambo hilo lilikuwa linaniuma.

Sasa mama alikuwa amesikia kwamba hali imetulia kidogo, na watu wameanza kwenda kule asubuhi kulima na kurudi kabla jua halijageuka. Habari hiyo ilimfurahisha, kisha ikamtisha.

"Mutu atapanda muhogo juu yake," akasema. "Na baba yako hakupendaka muhogo."

Alikuwa ameshajiandaa. Nyuma ya mlango palisimama msalaba wa nondo, aliouchomesha kwa fundi mmoja wa mtaa wa Saio na kuupaka rangi nyeupe. Nilipomuuliza kwa nini hakutaka wa mbao, ambao ni mwepesi, alinitazama kama mtu anayejuta kunizaa.

"Muti imeoza. Muti tulishajaribu."

Hapa inabidi niseme kidogo juu ya elimu yangu. Kozi ya ramani na dira niliifanya porini, si mbali na Marabo, kabla sijapelekwa mbali. Mwalimu wetu alikuwa ajuda, afande wa makamo mwenye tumbo lililofika kila mahali kabla yake. Alikuwa na kanuni na aliziimba kama kasisi. Kabla ya kujua unakwenda wapi, jua uko wapi. Usipite juu ya kilima, adui atakuona ukiwa na anga nyuma yako, pita ubavuni. Usiulize njia kwa raia. Na ile aliyoipenda kuliko zote: mwanajeshi hapotei, mwanajeshi huchelewa tu kujua alipo.

Kanuni hii ya mwisho niliijua tangu utotoni, maana baba yangu aliishi nayo bila kuvaa sare. Alikuwa anafuata maharage Marabo kwa baiskeli na kuyauza Bunia, na kila safari alivumbua njia ya mkato. Alikuwa anatokea nyumbani usiku, matope hadi masikioni, kutoka upande ambao hakuna barabara. Mama akimuuliza amepotea wapi, alikuwa anashusha gunia taratibu na kusema, "Sikupotea. Nilizunguka kidogo."

Siku ya mtihani wa kozi ile, kundi letu lilipewa dira, ramani na kilima cha kukitafuta, na kundi jingine likatutangulia kule kutuvizia. Mimi ndiye niliyeshika dira. Nyuma yangu alitembea koplo mmoja mpenda tumbo, ambaye aliapa kwamba hata vita vya tatu vya dunia vikilipuka hatakula maharage ya baridi. Kwa hiyo alibeba mgongoni jiko la makaa, lile la chuma. Kila nilipoinua dira kusoma, alisogea hadi begani kwangu ili naye aone sindano ikicheza. Na dira, kwa wasioijua, ni sindano yenye mapenzi na kaskazini, lakini chuma kikiisogelea karibu inasahau kaskazini mara moja. Ajuda alitwambia habari hiyo. Alitaja bunduki, alitaja panga. Jiko la koplo hakulitaja, nasi tukaona halihusiki.

Tulitembea tumeinama, majani yamefungwa vichwani. Mama mmoja aliyekuwa analima alinyoosha mgongo akatuita: "Weye wanajeshi! Munaenda wapi na ile majani? Kilima iko huku!" Kanuni ilikataza kuongea na raia, basi tukampita kimya, na kimya chenyewe ndicho kilichotuumbua. Ukipita karibu na mtu mwenye jembe huku Ituri bila hata kumpa salamu ya jambo, atakuhadithia mpaka wajukuu. Alitupigia kelele mpaka tukapotea machoni pake. Tulitokea barabara kuu, mbele ya akina mama wanaokaanga mandazi, na wote wakatuangalia majani yetu. Kundi lililotuvizia lilikaa vichakani kutwa nzima, likivizia ng'ombe. Ajuda alipoliona lile jiko alikaa chini, akavua kofia, akaomba chai.

Hayo ndiyo maarifa mama aliyokuwa anayategemea.

Sikumwambia. Nilinunua dira ya Mchina sokoni, kwa muuza tochi, na kwa mtu wa ofisi moja nikapata fotokopi ya ramani ya zamani, iliyochorwa wakati kijiji kilikuwa bado kijiji. Nyumba zilikuwa vidoti vyeusi. Mama alivaa miwani na kuichunguza ramani kama muhogo wa jirani.

"Njia ya kisima iko wapi?"

"Hawakuichora, mama."

"Na choo?"

"Hawachori vyoo."

"Basi walifuata nini kule?"

Lakini kidoti chetu alikijua, cha mwisho kabla ya kijito, na alikiwekea kidole akakiacha hapo muda mrefu.

Tukaondoka asubuhi kwa pikipiki yangu, ile ninayobebea watu mjini, nyuma ya majirani wengine waliokuwa wanakwenda mashambani. Simu nilibeba ya vibonye. Ile ya maana, yenye ramani ndani, niliiacha nyumbani, kwa sababu kwenye barabara ile simu nzuri hupata mwenyewe mwingine. Mama alikaa nyuma amekumbatia msalaba, ameufunga kwa kitenge, na ncha yake ikapita juu ya kichwa changu. Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye bunduki alituzuia, macho yamemtoka.

"Mama, unabeba nini mule?"

"Ni bwana yangu," mama akajibu.

Kijana akaomba kitenge kifunguliwe. Alipouona msalaba alivua kofia, akatusukumia pikipiki mpaka ng'ambo ya kamba iliyofunga njia. Sijawahi kupita kizuizi kwa heshima namna hiyo, hata nikiwa na sare.

Kijiji hakikuwepo. Nilijua hakipo, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Kuta za udongo mvua ilikuwa imezirudisha kuwa udongo. Mikaratusi yote ilikatwa kwa makaa. Majani yalitupita kimo pande zote, na mahali nilipojifunza kutembea sikuweza kutofautisha na mahali pengine popote. Nilijisikia vibaya. Mama alikaza kitenge kiunoni akasema, "Haya, mujeshi. Anza."

Dawa ipo, na ajuda, Mungu ampunguzie tumbo, alinifundisha. Tafuta vilima viwili unavyoviona kwa macho na vilivyomo kwenye ramani. Elekeza dira kwenye cha kwanza, soma namba, chora mstari kutoka kilima hicho kurudi kwako. Fanya hivyo na cha pili. Mistari inapokatana, hapo ndipo uliposimama. Kutoka hapo unatembea kuelekea kidoti chako, hatua kwa hatua, kama mtu mwenye akili. Nilikuwa na kilima chenye mnara wa simu, ambao si wa zamani lakini kilima ni kilekile, na kingine chenye kichwa kipara. Nilisoma hatua kadhaa mbali na pikipiki, nikarudi kuchora juu ya tangi lake. Mistari ikakatana.

Kulingana na mistari hiyo, mimi na mama tulikuwa tumesimama katikati ya Ziwa Albert.

Nilirudia. Safari hii tulitoka majini, lakini tukatua Uganda.

"Iko namna gani?" mama akauliza, sauti ikitokea hapahapa sikioni mwangu. Niligeuka. Alikuwa amejibana begani kwangu ili aone sindano, na msalaba amekumbatia kifuani. Nilitazama dira. Sindano haikuwa na habari na kaskazini. Ilikuwa inamtazama mama. Aliposogea kushoto, nayo ikaenda kushoto. Nikamkumbuka koplo na jiko lake, nikaanza kucheka peke yangu katikati ya majani.

"Unanicheka miye?"

"Mama, weka ile msalaba chini, kisha usogee."

"Chini? Musalaba ya baba yako nilalishe kwa majani kama kuni? Hapana."

"Basi nenda nayo kule."

Akaenda, akinung'unika. Nikamwambia bado. Akaenda tena. Bado, mama! "Unataka nirudie Bunia?" akafoka kutoka mle majanini, ambamo sikuona tena kitu ila ncha nyeupe ya msalaba ikitembea juu ya majani, imekasirika.

Nikasoma, nikachora. Mistari ilikatana ng'ambo tu ya kijito, karibu kabisa na kidoti. Tulivuka, maji yakatufika magotini, nikasoma tena huku mama akiwa ametengwa mbali kama mgonjwa wa surua. Tulifyeka kwa panga alilobeba mama kuelekea pale ramani iliposema, na hapo nikajikwaa, goti langu bovu likagonga jiwe. Nilitukana. Mama akaniambia nifunge mdomo, akapiga magoti, akapapasa. Pembeni ya jiwe hilo palikuwa na la pili, na la tatu, yote meusi kwa moshi.

"Mafiga yangu," akasema. "Aa, mafiga yangu."

Tulikuwa jikoni kwetu. Ninakiri nilijisikia mkubwa. Nilitamani ajuda awepo, na koplo, na wale akina mama wa mandazi, wote wapange mstari wanione. Nikaizungushia dira kamba yake na kumwambia mama kwamba sasa ni yeye anayejua: nyumba ilikuwa pale, jiko hapa, baba alizikwa wapi huku nyuma?

Mama alisimama. Akageuka upande wa kijito, akageuka upande wa kilima kipara. Migomba ilikuwa imekufa. Ardhi ilikuwa sawa kote, imefunikwa majani yaleyale. Alitembea kidogo akarudi, akatembea upande mwingine akarudi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake:

"Siku ile sikuangalia. Nilikuwa nalia."

Sikuwa na kanuni ya jambo hilo. Dira ilikuwa imefika mwisho wa elimu yake, na mimi wangu. Kilichobaki kilikuwa uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba, wa kuanikia maharage, nasi tumesimama ndani yake, na mahali fulani chini ya miguu yetu, au karibu na miguu yetu, alikuwa baba. Mama alinikazia macho. Alinitazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyesoma.

"Niambie weye."

Jeshini ningejibu haraka, maana kule jibu la uongo lenye sauti kubwa hupita. Nilitembea mahali ambapo majani yalikuwa yamelala kidogo, nikasimama.

"Hapa."

"Uko na hakika?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. "Hapana, mama. Ni hapa ama karibu ya hapa."

Nilifikiri atalia, au atanikumbusha ile hasara yangu. Aliniambia nichimbe. Nikachimba kwa panga lilelile, tukausimamisha msalaba, nikashindilia udongo kwa viatu vya jeshi, ambavyo siku hiyo vilipata kazi. Mama aliufuta matope kwa ncha ya kitenge. Halafu akajiweka sawa, akashika kiuno kama alivyokuwa anashika mlangoni baiskeli ya baba ikiingia usiku, na akaongea na ardhi.

"Weye. Tumefika. Mutoto yako alizunguka kidogo, lakini amefika."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mtu mzima mwenye dira mkononi. Mama aliniacha nilie. Alikuwa hajamaliza na bwana yake.

"Na kama uko pembeni," akamwambia, "sogea mwenyewe."