Nusu ya Pili ya Hadithi ya Mhunzi

Mdogo wangu Sharifu alikuwa karani, na ukarani ulimkaa mwilini. Hata shambani kwetu Kwai alikuja na shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, utadhani kabichi zingemtaka sahihi. Miaka kumi na minne alipokea mboga za wakulima kwenye ghala mjini Lushoto. Watu walimwita Karani mpaka jina lake likasahaulika. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Kila mwenye lori akawa mnunuzi, malori yakapanda hadi mashambani kwenyewe, ghala likafungwa, na Sharifu akarudi nyumbani.

Sikumhurumia. Nilimwambia jembe halimtupi mtu.

Asubuhi moja tulikuwa tunapalilia. Akasimama katikati ya tuta, akaniuliza, "Dada, kama mimi si karani, ni nani?"

Nilicheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo. Yeye hakukasirika. "Basi nisimulie ile ya mhunzi," akasema.

Hadithi hiyo tuliachiwa na bibi. Mhunzi aliishiwa chuma, moto wake ukazimika, akawa hajui yeye ni nani bila nyundo. Akashuka mlima kwenda kuvuka mto, maana walisema ng'ambo yuko anayejibu swali hilo. Lakini kwetu hadithi haimalizwi jua likiwa juu. Anayeimaliza mchana humpoteza mtu wa nyumbani. Ukibanwa sana unasimulia, ila unaikatisha njiani, ukaimalizie jioni mkishakula. Nikasimulia mpaka mhunzi alipovuka mto. Hapo nikanyamaza, nikashika jembe langu.

"Inatosha," akasema Sharifu.

Jioni nilipakua chakula chake kikapoa. Alikuwa amedandia lori la Mlalo, na kutoka huko akashuka kwa miguu hadi tambarare ya Mnazi, kuwafuata wachimbaji wa vito.

Nusu niliyoizuia ni hii. Ng'ambo ya mto mhunzi hakuambiwa kitu. Kila aliyemuuliza alimrudishia swali lake. Tena mto ule haukumrudisha mtu mpaka aliyezaliwa naye tumbo moja ashuke majini amwite. Dada yake akashuka, akamwita: "Wewe ni mdogo wangu, twende." Jibu lilikuwa hilo tu.

Nami nilijua, nikakaa. Nilijiambia mtu mzima hafuatwi kama mbuzi. Wauza vitunguu kutoka Mnazi waliniletea salamu sokoni: Sharifu hajambo, vito hakupata, sasa analima mpunga, anauliza habari zako. Nikawajibu, "Mwambieni njia aliyoshukia ndiyo hiyo hiyo ya kupandia." Soko zima likacheka, nikajiona najua kusema. Moyoni nilitaka arudi, nilimtaka sana, lakini nilitaka arudi mwenyewe. Akirudi ningemmalizia hadithi, naye angeona ujinga wake. Mwaka wa tatu salamu zikakoma.

Mwaka wa saba nililazwa. Muuguzi akaniuliza ndugu yangu wa karibu ni nani, nikamtaja Sharifu. Akauliza anaishi wapi, ili waagize aitwe. Niliona haya kumwambia kwamba yuko mwendo wa siku moja tu na sijawahi kwenda. Nilipopata nguvu, nikashuka.

Nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga, suruali imekunjwa magotini, ukarani wote umemtoka. "Shikamoo dada," akasema, akanipokea kwa mikono miwili. Nikalia kabla sijaitikia marahaba. Mkewe, Salma, alitandika mkeka akapika wali. Binti yao Hadija alinisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mgeni yeyote.

Jua lilipozama nikasema, "Sharifu, nimekuja kukumalizia ile hadithi. Sikukufikisha mwisho."

"Mwisho naujua, dada. Bibi alinisimulia yote, jioni moja wewe ukiwa hupo."

"Sasa kama uliujua, mbona uliondoka?"

"Si ndiyo maana niliondoka! Nilitaka kuitwa." Akaonyesha upande wa barabara itokayo mlimani. "Kila siku ya gulio nilikuwa nakaa pale, nawatazama wanaoshuka. Nilikaa masika matatu. Salma alikuwa akiuza ndizi hapo. Siku moja akaniuliza namsubiri nani, nikainuka, nikambebea kapu lake hadi kwao."

Maneno yangu yote ya sokoni yalinisuta. Nikajikaza, nikamwambia, "Nimekuja sasa. Wewe ni mdogo wangu, twende nyumbani. Chumba chako kipo."

Akatikisa kichwa polepole, bila kinyongo chochote. Afadhali angenitukana.

"Mimi ni baba Hadija, dada. Nyumbani ni hapa." Akanimiminia chai. "Utakaa nasi siku ngapi?"

Nikasema mbili.