Mtu Aliyeipa Ngoma Mgongo

Huku kwetu, pamba ikishauzwa, watu hushindana ngoma. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na yote hucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi. Wakiona upande huu umepoa wanahamia ule, na jua likishuka, kundi lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana utaona njuga, majembe yakirushwa juu na kudakwa, hata chatu akitolewa kwenye sanduku. Kila kundi linataka kuiba watu wa mwenzake.

Nilimwona mzee wangu kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya namna hiyo, Lalago. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu si muda mrefu, nina shahada na miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji sana. Sote tulikuwa tunatazama wachezaji. Yeye peke yake alikuwa amewapa mgongo, mikono ameifunga nyuma, anatutazama sisi. Nikadhani amegombana na wapiga ngoma. Nikamsogelea kwa upole wa msomi.

"Mzee, ngoma iko huku."

"Naisikia," akasema. "Wewe tazama tu, ngosha. Ukichoka nitakuandika."

Na kweli akaniandika. Alikuwa na ukurasa wa muziki kwenye gazeti moja la Mwanza, na Jumamosi iliyofuata nilijikuta humo: kijana mwenye miwani aliyehama upande, akarudi, akahama tena, na kila mara akijifanya anamtafuta mtu. Kupitia kijana huyo asiye na msimamo, msomaji alielewa ni wakati gani kundi la kwanza lilichoka na la pili likakolea. Niliona aibu, kisha nikausoma tena. Sijawahi kuchambuliwa vizuri vile, na walioniandika tangu hapo walikuwa na kurasa nyingi zaidi.

Baadaye, tulipozoeana, nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Anayecheza kajiandaa mwaka mzima," alisema. "Anayeondoka hakujiandaa. Huyo hawezi kukudanganya."

Ndivyo alivyoandika kila kitu. Bendi ya magitaa ikija Bariadi, habari ilianza na mama muuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, aliyesahau sufuria yake jikoni mpaka ikaungua. Kwaya ikizindua albamu, tulisoma juu ya waliokuwa wanatazama saa. Hakumsifu mtu wala kumponda. Alikwambia tu nani alibaki na nani aliondoka, na wakati gani, nawe ukawa umesikia muziki wenyewe.

Sasa ukitaka kujua ukubwa wa mtu huyu, usimtazame yeye. Msikilize mtangazaji wetu wa mpira wa hapa mjini: bao likifungwa, yeye anaanza na shabiki aliyemwaga karanga. Nenda msibani umsikie mwalimu mstaafu ambaye familia nyingi humpa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Hasemi marehemu alizaliwa lini mpaka amekueleza nani anaosha vyombo uani huku machozi yanamtoka. Mimi nami, wanaposema makala zangu zina "jicho la pekee", huwa nainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Jicho lenyewe nimeliazima.

Mwaka jana mhariri mpya alimpigia simu mzee. Ukurasa wa muziki ulikuwa uondolewe, kwa sababu vijana wanasikiliza nyimbo kwenye simu, hawazisomi. Lakini kama kuna watu wanaoweza kusema ukurasa ule umewafaa kitu, waseme kabla mwezi haujaisha.

Mzee aliniambia habari hiyo tukiwa tunakunywa chai kwenye mgahawa wa Mwislamu mmoja karibu na stendi. Aliisema kama mtu anayetaja kwamba mvua zimechelewa. Lakini chapati yake hakuigusa, na mimi, mwanafunzi wake, niliiona.

"Niachie mimi," nikasema.

Nikaanza na mtangazaji, nikamwomba amwambie mhariri alichojifunza kwenye ukurasa ule.

"Mimi?" akashangaa. "Mzee namheshimu, ila kaka, hii staili nimezaliwa nayo. Muulize mama yangu."

Nikaenda kwa mwalimu mstaafu. Aliniita ndani, akanipa maziwa, akaniambia kwamba kuandika wasifu alifundishwa na misiba yenyewe. Ukurasa wa muziki aliukumbuka, ndiyo. Mkewe alikuwa akifungia nao sabuni.

Nikabaki mimi. Niliandika barua ndefu kwa mhariri, yenye nadharia nilizozisikia chuoni na moja ambayo nadhani niliitunga. Nikampelekea mzee aione kwanza. Aliisoma yote kwa subira.

"Umeanza na ngoma," akasema, akanirudishia.

Niliiandika upya. Safari hii nilianza na chapati. Nikaituma.

Mwisho wa mwezi kulikuwa na mashindano Kasoli. Tulifika yakiwa yamepamba moto, vumbi limesimama, upande mmoja majembe, upande mwingine chatu. Mzee akasimama mahali pake, mgongo kwa ngoma. Nami nikasimama hivyo hivyo, kwa mazoea. Kulia kwangu, mtu aliyeshika kipaza sauti alikuwa ameuelekea umati. Ni mtangazaji. Mbele yake kidogo, kofia mkononi, ameipa ngoma mgongo, mwalimu mstaafu. Katika uwanja mzima ni sisi tu tuliosimama kinyume na watu, kama ng'ombe waliokataa kuingia zizini.

Mama mmoja aliyebeba ndoo akasimama mbele yetu. "Nyie baba zangu, mmefiwa? Ngoma iko nyuma yenu!"

Mtangazaji akamtazama mwalimu, mwalimu akanitazama mimi, kisha wote tukamtazama mzee. Mtangazaji akashusha kipaza sauti.

"Shikamoo mzee," akasema taratibu. "Kumbe ni wewe."

"Marahaba. Ni mimi nini?"

Hapo simu ya mzee ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mhariri. Mzee akaisogeza mbali na macho, akasoma, akasoma tena, akanipa.

Mhariri alianza na mpanga kurasa wao wa siku nyingi, ambaye baada ya kikao cha kuujadili ukurasa aliacha chai mezani, akavaa koti na kutoka nje bila kuaga, kukiwa na joto. Kisha akaeleza kwamba kila mtu pale chumbani alijifanya anatafuta kalamu. Mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, alisema ukurasa umeondolewa.

Mtangazaji alikuwa amesoma juu ya bega langu, naye akakizima kipaza sauti, jambo ambalo redio yake haijawahi kumwona akilifanya.

"Kaandika vizuri," mzee akasema. "Kaanza na anayeondoka."

Akairudisha simu mfukoni. Kisha akageuka. Katika miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumwona akiwatazama wachezaji. Aliwatazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo, wakati sisi watatu tukimtazama yeye.

"Huyo wa mbele mwenye jembe," akaniuliza, "siku zote anaanzia mguu wa kushoto?"

"Siku zote, mzee."

"Mbona hamjawahi kuniambia?"