Iulize Kwanza Imefikia kwa Nani

Mwanangu, kaa hapa. Najua nina miaka kumi na saba tu na ndevu zangu unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Lakini wewe uko mwaka wa saba wa shule, na kwa mtu wa mwaka wa saba mimi ni mzee. Basi nisikilize wanavyosikilizwa wazee: tingisha kichwa hata pale usipoelewa.

Ipo Ijumaa moja ambayo mpaka leo sijaweza kuisahau. Nilikuwa peke yangu sebuleni kwetu, hapa Rumonge kando ya ziwa, nyuma ya soko, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia bidoni, madumu yetu ya mawese, zikilia kwa joto la bati. Nyanya, bibi yetu anayetulea, alikuwa ndani ya chumba chake anasali. Kaka yangu Yasini alikuwa Mpulungu, kule mwisho wa ziwa upande wa Zambia, ambako anatengeneza injini za meli. Wazazi wetu hawapo tena. Hilo lijue tu, tuendelee. Tulibaki watu wawili na kompyuta moja.

Kompyuta hiyo aliiacha Yasini. Siku anaondoka aliweka ndani yake programu fulani, akaniita anionyeshe. Sikwenda. Nilikuwa nimenuna, nimelala kifudifudi kwenye kitanda chake, kwa sababu ndiye aliyekuwa anacheka vichekesho vyangu, na sasa anaondoka. Nilichojua ni kwamba akirekodi sauti kwenye kompyuta ya ofisi yao, sauti inakuja yenyewe kwetu, katika folda yenye jina la Nyanya. Sisi nasi tukirekodi, zinakwenda. Simu yake ilizama ziwani alipoinamia injini. Simu ya Nyanya ni ya vitufe, hata kuwaka inabembelezwa. Yangu ilikuwa kwa prefe wa nidhamu, yule mwalimu wa kutuadhibu shuleni, kwa sababu nilimrekodi akikoroma wakati wa mtihani. Kwa hiyo folda ile ndiyo ilikuwa mlango wetu pekee.

Kila Ijumaa baada ya swala Nyanya alibadili kanga, akavaa safi, akakaa mbele ya kompyuta kurekodi. Nilimwambia mara ngapi kwamba Yasini hamwoni, anamsikia tu! Alinijibu, "Atasikia kama nimevaa vibaya."

Sasa Ijumaa hiyo kompyuta ilikuwa nzito. Feni inalia kama basi dogo linalopanda mlima na gunia za mihogo juu. Darasani nilikuwa najiita daktari wa kompyuta, cheo nilichojipa mwenyewe bila mtihani. Nikafungua ile orodha ya mambo yanayofanya kazi nyuma ya kioo bila kujionyesha. Nikakuta kitu kinaitwa qrsvd. Jina gani hilo? Kama mtu amepiga chafya juu ya kibodi. Juu yake kulikuwa na kingine kinaitwa Msaidizi wa Kasi. Hicho nikakipita kwa heshima, maana kina jina la mtu mwema. Nikasema virusi ni hii chafya. Nikaizima, nikaifuata mpaka ilikokaa, nikaifuta, na kikapu cha taka nikakimwaga. Nilijisikia mwanaume.

Feni iliendelea kulia. Hilo peke yake lingenifungua macho, lakini nilikuwa na shughuli ya kujisifu.

Ijumaa iliyofuata sauti ya Yasini haikuja. Nyanya akasema, iko kazi nyingi. Ya pili haikuja, akasema, umeme umekatika kwao. Ya tatu alirekodi bila kubadili kanga. Mimi, mwanangu, nilidhani kichekesho kinaponya kila kitu. Nikaingia nyuma ya pazia nikaigiza sauti ya Yasini: "Nyanya, ni mimi, hapa Mpulungu samaki wanajikaanga wenyewe!" Aligeuka upesi, uso umefunguka wote. Kisha akaona miguu yangu chini ya pazia. Hakunikemea. Aliinuka, akaenda kukaa uani, na alipokuja kulala hakuniita "mume wangu" kama akina nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao. Aliniita kwa jina langu.

Hujawahi kuwa mpweke mpaka uishi na mtu mmoja na huyo mmoja akuite kwa jina lako.

Zilipita wiki nane hivyo. Ndipo baharia mmoja, aliyeshuka na meli ya saruji, akaja mpaka mlangoni kwetu.

"Amahoro, mama. Yasini anakusalimia. Anauliza, aliwakosea nini?"

"Anikosee nini?" Nyanya alisimama. "Mimi namurekodia kila Ijumaa!"

"Yeye anasema hapana kitu kinafika kule. Alifikiri mumemuchoka."

Nyanya akanitazama. Nikatazama kompyuta. Nikaikumbuka ile chafya niliyoifuta.

Niliibeba kompyuta mpaka kwa Mama Zaina, yule mwenye duka la kuchapa barua na kupiga fotokopi karibu na mahali basi za Nyanza-Lac zinaposimama. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anapanga karatasi.

"Kumbe weye ndiye daktari?"

"Ndiyo, mama."

"Na mugonjwa alikufa saa ngapi?"

Nikaifungua kompyuta mbele yake.

"Hiyo programu uliifuta sababu gani?"

"Jina lake lilikuwa baya, mama."

"Mugeni akifika kwenu, Nyanya yako anamuulizaka jina peke yake?"

Nikasema hapana. Kwa Nyanya, mgeni asiyejulikana hupewa kwanza maji ya kunywa, halafu anaulizwa: umetoka wapi, umefikia kwa nani, umekuja kwa shughuli gani. Majibu yakigongana, ndipo anaitwa mjumbe wa mtaa.

"Basi hii uliiuliza?"

Akanionyesha. Alimbofya yule Msaidizi wa Kasi, akatafuta anakokaa: kwenye kona ya faili za muda, mahali ambapo programu ya heshima haifanyi makao. Sahihi ya aliyemtengeneza hakuna. Tarehe ya kuingia ni siku ileile niliyopakua mchezo wa mpira wa bure. Na muda wote anakula nguvu za mashini na kutuma vitu nje, bila mtu kumtuma. Akaipitisha programu ya kuchunguza virusi, ikapiga kelele.

"Mwizi ni huyu," alisema Mama Zaina. "Ulimupisha sababu amevaa vizuri."

Kisha akafungua folda ya Nyanya. Ndani yake, pamoja na sauti za zamani, kulikuwa na programu ya kuirudisha ile niliyoifuta, na ukurasa mmoja wa maelezo ulioandikwa na Yasini: qrsvd ndiyo inayobeba sauti zetu. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina langu. Ulikuwepo siku zote.

Nilirudi nyumbani, nikairudisha, nikaunganisha intaneti. Sauti zikashuka nane kwa mpigo. Nyanya akaenda kubadili kanga, akakaa, akazisikiliza zote kwa mfuatano, na kila moja aliijibu kana kwamba Yasini amesimama mbele yake. "Ndiyo, mwanangu. Tumekula. Goti ni zima." Katika ya sita Yasini aliuliza kama tumemkasirikia. Katika ya nane alisema: "Bosi analeta mkataba wa miaka miwili. Nilitaka kukataa nirudi kabla ya Ramadhani. Lakini kama kwenu ni kimya, nirudi kwa nani? Kesho natia sahihi."

Kesho hiyo ilikuwa imepita siku nne.

Nyanya aliizima sauti. Halafu akasema polepole, "Mume wangu, ulimufukuza mutoto wangu mulangoni nikiwa juu ya muswala."

Aliniita mume wangu, na ndipo nikalia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta ndani ya mashini jina usilolijua, usilihukumu kwa sura. Tazama linakaa folda gani, nani ametia sahihi kwamba ni lake, liliingia lini na wewe siku hiyo ulikuwa unapakua nini. Tazama linakula kiasi gani na linazungumza na nani huko nje. Litafute kwenye intaneti, lipitishe kwenye uchunguzi wa virusi. Waulize watu wa nyumbani, maana huenda mmoja wao ndiye mwenyeji wake. Bado una shaka? Lizime tu, usilifute, ungoje uone nini kimenyamaza. Na jina zuri lichunguze vilevile. Zaidi ya yote, mtu akikuita akuonyeshe kitu siku anaondoka, inuka kitandani, hata kama umenuna.

Yasini anatusikia tena sasa, nasi tunamsikia. Mkataba umebakiza mwaka mmoja na miezi minane, na Nyanya ni mzee kweli, si mzee kama mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kumngoja, akufikishe siku ya kumpokea, na asikufanye wewe kuwa ndiye uliyemchelewesha.