Mkeka wa Bi Zaituna

Jamani, leo mwanafunzi kaninyamazisha.

Nafundisha Kireno watu wazima hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Nikawaambia "chegar", yaani kufika, asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kukunja: baharia akifika hukunja tanga. Waromania wakakipa maana ya kuondoka. Wanasema askari walikunja mahema wakaenda zao.

Nikacheka. Mimi tu.

Bi Zaituna, aliyerudi mwaka jana kutoka ukimbizini, tulikokimbilia mji uliposhambuliwa, akasema: "Mwalimu, nimefika, ila mkeka wangu bado nimeukunja na kuufunga kamba. Nalalia kanga. Nikiufungua, siku ya kukimbia nitachelewa."

Hakuna aliyeinua kichwa.

Sasa niko nyumbani, naangalia begi langu nyuma ya mlango. Vyeti vimo, nguo zimo. Nami nilirudi kabla yake.

Mwenzangu, wewe umeshafungua lako?