Pazia la Mkabala

Kitongoji kile kilikuwa na nyumba kumi na moja, kanisa dogo lililofunguliwa Jumapili moja kwa mwezi, na kibanda cha simu kilichogeuzwa rafu ya vitabu. Duka hakuna. Basi lilipita Jumanne, tena likipenda. Nilipofika huko Uingereza kuuguza wazee katika makao yaliyokuwa ng'ambo ya mashamba, nilimpigia mume wangu nikamwambia nimeletwa mahali ambapo hata kuku wananong'ona. Leo niko Mansfield, Texas, kwenye mtaa wa nyumba nisizoweza kuzihesabu, na ninakililia kitongoji kile.

Kule kitongojini, mkabala nami aliishi mjane wa miaka themanini na kitu. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Mimi, nimwite mtu wa rika la nyanya yangu kana kwamba tulicheza mchezo wa kati pamoja utotoni? Nikamwita Mama, akazoea. Wiki ya kwanza alinionyesha ufunguo wake chini ya chungu cha maua.

"Saa mbili asubuhi ikipita na pazia langu halijafunguliwa, usibishe hodi. Ingia. Nami nitalitazama lako."

Nikampa ufunguo wangu, nikidhani ni mambo ya wazee tu. Kisha siku moja nikatoka shifti ya usiku, nikafunga pazia, nikalala fofofo. Nilizinduka nikamkuta amesimama chumbani mwangu, na nyuma yake mkulima mstaafu wa nyumba ya tatu, amefumba macho kwa adabu. Nilikuwa nimejifunga leso tu. Tangu hapo, nikitoka kazini asubuhi nilitundika leso nyekundu dirishani: nimo, nimelala, niacheni. Kitongoji kizima kilijua maana yake.

Mume wangu alipopata kazi ya mitambo ya mafuta Houston, tukahamia Texas. Mimi nilipata kazi hospitalini huku Mansfield, mbali kaskazini, kwa hiyo yeye huja Ijumaa na kurudi Jumapili. Majirani wa hapa nawajua kwa magari yao. Mlango wa gereji unapanda, gari linaingia, mlango unashuka. Mapazia yao hufungwa mwaka mzima kwa sababu ya jua. Mimi hufungua langu kila asubuhi.

"Wewe na hilo pazia lako," mume wangu hunicheka. "Nani ana-care huku?"

Nikishalifungua nampigia Mama. Kwake huwa ni mchana.

"Limefunguliwa?" huuliza.

"Limefunguliwa."

Ndipo tunaanza habari za mvua.

Majira ya baridi yaliyopita homa iliniangusha. Niliomba ruhusa kazini, nikarudi kitandani, simu ikazima na sikuwa na nguvu za kutafuta chaja. Mume wangu alikuwa baharini, kwenye mtambo ambako mtandao hupatikana kwa bahati. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Niliogopa, nisidanganye. Niliwaza kwamba nikifa humu nitagunduliwa Ijumaa.

Jumatano mlango ukagongwa. Nilijikokota hadi pale, leso begani. Walikuwa polisi wawili, vijana.

"Samahani, mama. Tumekuja kuona kama uko salama. Jirani yako amepiga simu."

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Gereji zote zilikuwa zimefungwa.

"Jirani yupi?"

Mmoja akafungua kijidaftari chake. "Bibi mmoja mzee. Anasema hujafungua pazia siku tatu." Akageuka kutazama mtaa. "Anaishi nyumba ipi? Tungependa kumwambia uko sawa."

Nilinyoosha kidole mbele yangu, mkabala. Nililia pale mlangoni mpaka yule kijana akaniuliza kama aite ambulensi.

Walipoondoka niliitafuta chaja, nikachomeka simu. Ilipokuwa ikijaa nilikwenda dirishani. Sikutaka kumpigia Mama kabla sijafungua pazia.